Likembe ya Papa na radi za Kadutu

Enzi zetu, sisi tuliokulia mtaa wa Kadutu wakati wa Wabeleji, tuliogopa vitu vingi. Tuliogopa polisi, tuliogopa sindano ya dispensari, tuliogopa masista wa shule na ile fimbo yao ya kupiga vidole. Lakini viweke vyote pamoja, havifiki kwa radi. Mawingu yalikuja mchana kweupe, na kabla hujaanua nguo, mama wee, mbingu imepasuka juu ya kichwa chako.

Koko wetu, yule aliyemzaa Papa, alikuwa na sheria zake. Ngurumo ya kwanza tu, chuma chote nje: panga, jembe, sufuria, hata vijiko, vinarushwa chini ya migomba. Kioo kinafunikwa kitenge. Kisha tunakaa mkekani, kimya, maana Koko aliamini radi inasikia kelele.

"Mufunge kinywa! Ile kitu iko natafuta mutu!"

Papa alikuwa masoni, akijenga nyumba za Wazungu kule chini. Alikuwa akimchokoza: "Mama, na haya manjanja juu yetu, iko nyasi?" Koko aliendelea kurusha vijiko. Mabati hayo, tuliyoyaita manjanja, ndiyo yalikuwa fahari ya nyumba yetu. Nani angethubutu kuyatupa kwenye migomba?

Sasa mdogo wangu Nabintu. Alikuwa bado mdogo sana radi ilipoua mbuzi wa jirani mbele ya macho yake. Tangu hapo, mbingu ikinguruma hakulia kama watoto wengine. Alikimbia. Anafungua mlango, anatoka mbio kwenye mvua, akili imemtoka kabisa. Na nyuma ya nyumba kulikuwa na korongo, maji yanashuka mekundu yakisukuma mawe. Kuna siku Papa alimkamata kwa gauni, mguu mmoja tayari ukingoni. Basi nyumba nzima tukawa tunaogopa mara mbili, radi isiingie na Nabintu asitoke.

Kitu kilichomtuliza kilikuwa kimoja tu, likembe ya Papa. Kiboksi cha mbao chenye vyuma juu yake, spoku za baiskeli zilizopondwa kwa nyundo, unaipiga kwa vidole gumba. Papa anarudi kazini mgongo umevunjika, bwana mkubwa amemtukana tangu asubuhi, hataki hata kuongea. Anakaa kwenye kigoda, ti-ti-tindi. Alijua wimbo mmoja, wa mwanamke wa Nyangezi aliyekwenda sokoni akasahau kikapu nyumbani. Akifika pale mwanamke anapokitukana kikapu, Papa mwenyewe anacheka, Mama anacheka, na ile siku mbaya inaishia hapo. Nabintu analala magotini pake. Lakini mvua ikija, likembe nayo ilikwenda migombani. Chuma ni chuma, Koko alisema. Papa alibaki kumkumbatia mtoto kwa nguvu zake mwenyewe.

Siku moja mvua ikatukuta bila Papa, na Mama yuko sokoni. Koko alitupa nje kila kitu, kisha akaitoa likembe ukutani. Ngurumo ya pili ikapiga, Nabintu akaruka mlangoni. Nikamshika mguu. Akaning'ata mkono, damu ikatoka, nami nikapiga kelele, "Koko, anaenda! Anaenda!" Tulisikia korongo linavuma.

Koko alisimama mlangoni, mkono umeinuliwa tayari kutupa. Akamtazama mtoto. Akatazama manjanja. "Yesu Maria," akasema, akafunga mlango, akakaa chini akiuegemea, akaanza kupiga.

Hakuwahi kuigusa hata siku moja! Alipiga ovyo, na maneno yote kayachanganya, kikapu ndicho kikaenda sokoni na mwanamke akabaki nyumbani. Radi ikaanguka karibu, nyumba yote ikawa nyeupe. Mimi nilijikojolea, nasema wazi. Koko alishtuka mwili mzima, macho yake juu kwenye manjanja, lakini vidole havikuacha. Polepole mguu wa Nabintu ukalegea mkononi mwangu. Akasogea, akatazama vile vidole vya Koko, akakunja uso.

"Koko, haiko vile."

"Basi unionyeshe."

Mvua iliyofuata Koko alitupa vijiko vyake kama kawaida. Likembe aliiacha ukutani.

Leo wajukuu wangu wana nyimbo zisizohesabika ndani ya telefone. Mtu akiwa na siku mbaya anajiziba masikio, anacheka peke yake ukutani, sisi wengine hatujui anacheka nini. Halafu mashujaa hawa, ngurumo moja tu, wanazima nyimbo zote. Telefone yangu nayo inalia wakati huohuo, ni Nabintu, bibi mzima sasa, anapiga kutoka Minova. Bado ananiita Yaya, mkubwa wake.

"Yaya, huku iko nanyesha."

Wajukuu wanapiga kelele, "Koko, zima ile telefone, radi itakuua!" Siizimi. Naiweka mkekani na kuishusha likembe ya Papa ukutani. Naogopa, kwa nini nidanganye? Natazama manjanja, napiga ovyo. Na kule Minova yule bibi anasikiliza kidogo, kisha namsikia:

"Yaya, haiko vile."