Makoti Kitandani kwa Froukje

Kwetu, nchi ya baridi na mifereji, siku ya kuzaliwa ya mtu viti hupangwa duara sebuleni. Anayeingia huanza na kiti cha karibu na mlango, anatoa mkono kwa mmoja mmoja na kumpongeza kila mtu, siyo mwenye siku yake tu: hongera kwa mama, hongera kwa dada, hongera kwa jirani yako, yaani hongera kwa kuwa naye. Ukishamaliza ndipo unapewa kahawa na keki ya sukari ya pinki. Anayeruka kiti husemwa hadi mwaka unaofuata, na msemaji mkuu nilikuwa mimi Baukje, shangazi yake Hiske.

Hiske alizaliwa na haya. Alipokuwa na miaka minne, kiti cha pili machozi yanamlenga, cha tatu hayupo. Tunamkuta chumbani, amejizika chini ya makoti ya wageni yaliyorundikwa kitandani kwa mama yake. Aliniambia ukubwani kwamba mle ndani mlikuwa na bahari. Sufu iliyolowa ilinukia mvua, sauti zetu zilimfikia kwa mbali zikija na kurudi, naye akaelea tu, hakuna wa kumwita.

"Unamdekeza," nilimwambia mama yake, wifi yangu Froukje. "Ataolewa na nani huyu, koti?"

"Mwache, wifi. Ipo siku ataumaliza mzunguko, na mimi nitakuwepo nimwone."

Froukje hakumburuta kamwe. Alimpelekea keki yake kulekule kwenye makoti, na kila mwaka alimnong'oneza, "Safari hii tufike kwa Mjomba Douwe tu, halafu ukimbie." Mwaka uliofuata, kiti kimoja zaidi. Mimi nilicheka. Najuta mpaka leo.

Akiwa na miaka ishirini aliajiriwa duka la mikate, hakumaliza mwezi. Wateja wakijaa, pumzi zinamkatika, anakaa sakafuni nyuma ya kaunta. Kisha akapata kazi ya kuinua daraja la mfereji wetu ili mashua zipite, na hapo akatulia. Kibanda chake ni cha vioo, juu ya maji. Asubuhi za ukungu dunia yote huwa imefutika, pembe ya mashua inalia kusikojulikana, Hiske anabonyeza kitufe na barabara nzima inasimama wima kuelekea mawinguni. Nahodha anampungia, naye anapunga. Aliweza kupenda watu, mradi wawe wanapita.

Februari hii Froukje alifariki, Hiske akiwa na miaka arobaini na mmoja. Tulipotoka makaburini, viti thelathini na vinne vilipangwa duara mlemle sebuleni, na marehemu, mjane wa kaka yangu, alikuwa na mtoto mmoja tu. Ilimpasa azunguke peke yake apokee pole. Nilimwona mlangoni anatazama chumba cha makoti. Nikajua anaingia huko.

Akaja kwangu. Kiti cha kwanza kilikuwa changu. Akanipa mkono, na midomo ikatoa kile ilichofundishwa miaka yote:

"Hongera kwa mama, shangazi."

Vichwa vikageuka: hongera, msibani! Akajisikia alichosema, uso ukamwiva, akaanza kugeuka. Sikumwachia mkono.

"Asante, mwanangu," nikasema. "Na wewe hongera. Mama yako alikuwa mtu."

Pembeni yangu mzee Douwe akanyanyuka na magoti yake mabovu. "Hongera kwa mama, Hiske."

"Hongera kwa dada yako, mjomba."

Ikawa hivyo, kiti kwa kiti, hongera kwa jirani, hongera kwa rafiki, watu wanalia na kupongezana. Hakuruka hata kimoja.

Kahawa ilipoletwa hakuonekana. Nikachukua vipande viwili vya keki, nikaenda chumbani. Alikuwa amekaa katikati ya makoti, mikono mapajani.

"Nimeumaliza, shangazi."

"Nimeona."

"Mama hakuona."

Nikampa keki yake, nikapanda kitandani na viatu vyangu vya msibani, nikalala kando yake juu ya sufu iliyolowa. Kule sebuleni watu waliongea, sauti zinakuja, zinarudi, kama mawimbi.

"Unaisikia?" akaniuliza.

"Naisikia," nikasema, na sikuwa namdanganya.