Picha Ambayo Baba Hakuonyeshwa

Usiku ule nililala na hasira, maana kesho yake kaka yangu Idi alikuwa aanze dawa za saratani ya ini, na mimi nilikuwa nimefungwa mdomo. Daktari alikuwa ametuonyesha, mimi na baba mdogo, picha za CT skani. Kwa jinsi uvimbe ulivyokuwa ukijivutia damu na kukua, alisema, dawa hazielekei kuushika. Huenda zikamchosha kuliko kumfaa. Baba mdogo akamwomba asimwambie mgonjwa. Kwetu ndivyo: habari mbaya ni ya ndugu, mgonjwa hupewa uji na matumaini. Baba naye tulimfanyia vivyo hivyo, akafa akisubiri kupona.

Ndipo usingizini nikamwona baba. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mashine ya picha, kofia kichwani, miguu haifiki chini. Chumba kina baridi. Namfunika kanga, na kabla sijamaliza tuko sebuleni kwetu. Ukutani, mahali pa saa, kuna kile kioo chenye taa ambacho daktari husomea picha, na ndani yake ini lenye doa jeusi.

"La nani hilo?" ananiuliza.

"Lako, baba."

Anasogea, analitazama taratibu, kama alivyokuwa akikagua mahindi kabla ya kununua. Jamaa wamejaa sebuleni, wote wameinamisha vichwa.

"Mbona mmeliona nyote isipokuwa mwenyewe?"

Nataka kumwambia tuliogopa asije akakata tamaa, lakini ananitangulia. Ananieleza, bila ukali, kwamba angejua, angekwenda Kondoa kupatana na dada yake, ambaye alinuniana naye tangu msiba wa bibi, kuliko kushinda kwenye mabenchi ya hospitali akitapika. Naona uchungu, jamani.

"Idi mwacheni achague mwenyewe," akasema, na sebule ikabaki tupu.

Niliamka mto umelowa. Kumekucha. Ukumbini Idi alikuwa ameketi mkekani akifunga mkoba wa hospitali, akimuuliza mama kama mvua za kupandia zitamkuta amepona. Mama akasema zitamkuta, inshallah. Kisha akaniona mlangoni, akanisoma usoni, akanitikisia kichwa nisiseme.

Nikaketi mbele ya kaka yangu, nikamshika mkono, nikamwambia alichokiona daktari.