Niliwaambia ni Paki, Wakaelewa ni Steji

Admin, nifichie jina na mtaa, maana hapa Meru tunajuana hadi kikohozi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, mwalimu wa chekechea, nimeolewa na nina watoto wawili. Bwana yangu ni dereva, kazi yake iko Isiolo, kwa hivyo nyumbani nakaa na watoto na mama yake. Huyo mama mkwe ndiye amenifanya niandike. Msifikirie ni yale maneno ya mama mkwe kuchukia bibi ya kijana wake. Heri angenichukia.

Mtaa wetu hauko mbali na Makutano. Nyumba za mabati zimeshikana, watoto hawana hata mahali pa kuruka kamba, wanacheza barabarani na malori yanapita. Mwaka jana msichana wangu aligongwa na pikipiki hapo, mguu ukavunjika, na hadi leo anauvuta kidogo. Kwa hivyo niliposikia serikali inatoa pesa kwa mitaa iliyosahaulika kama yetu, ya kutengeneza bustani, mahali pa miti, nyasi, viti na bembea za watoto, nilikuwa wa kwanza kufika kwa chifu. Kiwanja cha umma tuko nacho kimoja tu, na kwa kona yake mama mkwe wangu amekuwa akiuza chai na githeri tangu kabla sijaolewa.

Kulikuwa na sharti. Wenyeji wakubali kwa kuinua mikono kwa baraza, na wakikataa pesa inaenda mtaa mwingine. Siku ya baraza afisa wa mradi alikuja na Kiswahili cha vitabu, na wazee wetu wanataka Kimeru, nikaombwa nitafsiri kwa sababu nina mdomo. Alieleza vizuri kabisa kwamba ni mahali pa kupumzika, na biashara haitaruhusiwa ndani. Sasa niambieni nyinyi, utamwelezaje mzee wa Meru kwamba udongo mzuri utapandwa nyasi, na hiyo nyasi ng'ombe haitakula, watu wataikalia tu? Nilitafuta neno nikakosa. Nikachukua la Kizungu, nikasema ni paki.

Hapa kwetu paki ni ya magari. Paki ya malori, paki ya matatu. Niliona nyuso zikifunguka. Mwenyekiti wa bodaboda akauliza, "Mwalimu, hiyo paki itawekwa murram ama lami?" Hapo ndipo ningefaa kusimamisha mambo, kwa sababu nilijua wameelewa ni steji ya magari. Lakini nilitupa macho nikaona msichana wangu amekaa na wenzake kando ya barabara na ule mguu wake. Nikacheka, nikamwambia, "Ngojeni tu, itakuwa safi." Na ile ya biashara nikaimeza, sikuitafsiri hata kidogo. Afisa alidhani wanafurahia nyasi.

Mama mkwe akasimama. Hajui kusoma, lakini kwa huu mtaa akisema kitu wamama wote wanafuata. Akasema, "Kama ni mtoto wangu anasema, mimi sina swali." Akainua mkono. Mikono mingine yote ikafuata.

Pesa tukapata. Hata kanisani niliambiwa nisimame nipigiwe makofi, nikatabasamu.

Mwezi huu tukaambiwa kiwanja kiwe wazi. Wenye vibanda walikuwa wanasitasita, mama akabomoa chake mwenyewe ili wengine wamuige. Mabati ameyapanga nyuma ya nyumba, zile nguzo tumezipikia. Kila jioni ananipangia vile atapika sufuria mbili za githeri badala ya moja, vile makanga wa matatu wanapenda chai ya tangawizi, na vile mimi sitanunua unga peke yangu tena. Ninainamia mboga nisimwangalie.

Wiki jana kontrakta alisimamisha bango. Mama akanishika mkono twende nikamsomee. Kuna picha ya nyasi na watoto kwa bembea, na chini imeandikwa biashara ni marufuku.

"Imesemaje?" akaniuliza.

"Imesema mradi ni wa serikali, mama."

"Na hawa watoto?"

"Ni urembo tu."

Akaangalia kwa muda, akasema wameipamba vizuri. Nilimdanganya mchana kweupe akiwa amenishika mkono.

Nilimpigia bwana yangu nikamwambia yote. Akasema, "Usiguse hiyo maneno. Mtoto wetu nusura afe hapo. Mama atazoea." Ni rahisi kwake, yeye yuko Isiolo. Mimi najua nikisema ukweli sasa mtaa utageuka, pesa iende kwingine na watoto warudi kwa malori. Nikinyamaza, mama atajua siku askari wa kaunti atakapomfukuza na sufuria yake mbele ya watu, kwa mahali alipobomoa kibanda chake mwenyewe kwa sababu ya mdomo wangu.

Uzinduzi ni Alhamisi. Chifu amemchagua mama afungue kwa maombi kwa niaba ya wenyeji, na ameanza kujizoeza jikoni kwa Kimeru akidhani simsikii. Anamshukuru Mungu kwamba ingawa yeye hakusoma, alipewa mtoto wa kumsomea.

Mficha uchi hazai, ndio nimejianika hapa. Nimwambie kabla ya Alhamisi, ama nimwache aombe hivyo na mimi nisimame hapo niitikie amina? Kama ni kunitukana nitukaneni, lakini mkimaliza mnishauri. Nifanye nini?