Banda la Kuku Lisilo na Dirisha

Harufu ya banda lile ilinifikia kabla sijafika mlangoni. Ilikuwa harufu kali, kama ya mkojo uliolala kwenye nguo, iliyoingia puani ikapanda hadi machoni. Nilikuwa nikibana pumzi nje, naingia nimeinama, namimina maji kwenye karai la kuku, napapasa viota haraka haraka, kisha natoka mbio kupumua uani. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nafuta machozi. Kijijini kwetu Idsowe, karibu na Garsen, mwaka ule uliofuata mafuriko makubwa ya El Nino, mtoto kutoka bandani na macho mekundu halikuwa jambo la kuzungumzwa. Watu walikuwa na mambo mengine ya kutazama, na zaidi ya yote walikuwa wakitazamana wenyewe kwa wenyewe.

Mto ulikuwa umeingia mashambani ukalaza mpunga na migomba, ukachukua kuku wote wa kienyeji aliokuwa nao mama. Tulikaa muda mrefu kwenye mwinuko, chini ya maturubai, familia nyingi zikiwa zimesongamana. Huko sufuria ya mtu ilionekana jikoni kwa mwingine, na jembe lilipotea likapatikana likiwa na mpini mpya. Tuliporudi nyumbani, maji yalikuwa yameacha mstari wa matope ukutani juu ya kichwa changu, na ile tabia ya kuchungana tulirudi nayo. Mama, ambaye zamani aliacha mlango wazi akienda shambani, sasa aliufunga kwa kamba hata akienda kuteka maji. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu ninayoyaandika hapa hayampambi, na yeye amekwisha kufa, hawezi kujieleza.

Mjomba wangu aliyekuwa Malindi alimletea kuku wa mayai, wale wa rangi ya kahawia ambao walikuwa wageni kwetu. Kuku wetu wa zamani walilala juu ya mti au chini ya ghala la mpunga, wakataga walikotaka. Hawa walihitaji nyumba, na baba aliwajengea kama alivyojua kujenga, yaani kama nyumba ya watu. Alisimamisha fito, akakandika udongo mzito, akaezeka kwa bati jipya tulilogawiwa baada ya mafuriko. Paa aliliweka chini, kiasi kwamba mtu mzima hakuweza kusimama wima ndani. Mlango aliuelekeza jikoni ili mama aweze kuuona akiwa anapika, na kwa hiyo kuta ndefu zikawa zinatazama jua linakotoka na jua linakozama. Asubuhi ukuta mmoja ulichomwa, alasiri ukachomwa wa pili, na mchana kutwa bati lilikaa juu ya kuku kama kifuniko juu ya chungu. Wakati ule hakuna aliyeliona hilo. Tuliona nyumba nzuri. Hata hivyo mwanzoni ilikuwa na madirisha mawili ya fito na mwanya kati ya ukuta na paa, na mayai yalipatikana. Mama aliyapeleka kwenye hoteli za Garsen, na mimi nikarudi shule.

Mtu wa kwanza kulicheka banda lile alikuwa Mama Abdi. Yeye alikuwa Muorma, mke wa mfugaji. Ng'ombe wao wengi walikufa kwa maji na kwa ugonjwa uliofuata maji, na mumewe na mwanawe Abdi walikuwa mbali wakiwafuata wachache waliobaki. Alijenga kibanda chake pembeni ya shamba letu kwa idhini ya baba, kibanda cha watu wao, cha fito zilizopindwa zikawa kama bakuli lililofunikwa, juu yake majani na mikeka. Ukiketi ndani uliona mwanga ukipenya kila mahali, na upepo wa mtoni ukapita kwenye shingo yako. Kila asubuhi alituletea maziwa kidogo kwenye kibuyu, mama akampa unga au ndizi, kisha wakakaa kwenye mkeka kusukana nywele na kuteta.

"Mama Rehema," alimwambia mama siku moja akilitazama banda, "kuku yako inakaa nyumba ya bati. Mimi nakaa nyumba ya majani. Sasa mimi na kuku, nani tajiri?"

"Wewe huna kazi," mama akamjibu akicheka. "Taga yai, nikujengee na wewe."

Walicheka mpaka chanuo likadondoka. Sikumbuki siku nyingine ambayo mama alicheka hivyo mwaka ule.

Kisha mayai yakaanza kupungua. Mama alitazama tu. Akaona mahali kwenye kiota palipokuwa na unyevunyevu bila yai, bila hata ganda. Yai lilikuwepo, akasema, na limechukuliwa. Kwanza alifikiri ni kenge, akamwambia baba azibe mwanya wa juu kwa udongo. Baba akaziba. Mayai yakapungua zaidi. Basi si kenge, mama akasema, ni mkono wa mtu, unaingia dirishani. Baba akagongomelea bati kwenye madirisha yote mawili. Alipomaliza alilizunguka banda akiligonga gonga kwa nyundo. "Sasa mwizi wako labda awe moshi," akamwambia mama. Mama hakucheka. Alinunua kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake.

Kuku walibadilika. Walisimama midomo wazi wakihema, mbawa zimeachana na mwili kama mtu aliyevaa nguo mbichi. Walikunywa maji kupita kiasi, kinyesi kikawa majimaji, na pumba za mpunga tulizotandika chini zikalowa zikageuka tope jeusi, kwa kuwa hapakuwa na upepo wa kuzikausha. Hapo ndipo ile harufu ilipotia fora. Mayai machache niliyoyaokota yalikuwa na ganda jembamba, jingine laini kama ngozi, likabonyea kidoleni. Mama alimwaga majivu mlangoni ili aone nyayo. Asubuhi akakuta zangu na zake. Akaniita, akanishika kidevu, akaninusa mdomo. Hakunipiga. Alininusa tu akaniacha, na tangu siku hiyo nikawa naogopa kumsogelea baada ya kula.

Baada yangu alibaki mtu mmoja tu ambaye kila siku alipita karibu na banda na kuketi kando ya ule ufunguo wa kwenye leso. Nilimwona mama akiligeuza jambo hilo kichwani kwa siku kadhaa. Alipokea maziwa bila kukaa mkekani. Alimsindikiza Mama Abdi kwa macho mpaka anapoinama kuingia kibandani kwake. Nywele za mama zilikaa nusu zimesukwa, nusu hazijasukwa, na hakumwomba rafiki yake amalizie.

Asubuhi moja Mama Abdi alikuja amejifunika mtandio mkubwa, mikono yote ikiwa ndani. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wamesimama uani wakisubiri kuazima kinu. Mama akatoka jikoni.

"Mama Abdi, hebu fungua huo mtandio."

Mama Abdi alidhani ni mzaha. "Kuna nini? Unataka kuninunulia mpya?"

"Fungua tuone ulichobeba."

Uso wake ukabadilika polepole. Akafungua. Ndani alikuwa amekumbatia kibuyu cha maziwa, kile kile cha kila siku, akikikinga na vumbi. Akakiweka chini taratibu mbele ya miguu ya mama.

"Mimi sili yai," akasema. "Kwetu hata mtoto hali. Wewe unajua."

"Huli," mama akamwambia, "lakini kuuza unajua."

Mama Abdi aliwatazama wale wanawake wawili, mmoja baada ya mwingine, akajifunika, akaondoka. Kesho yake alikunja mikeka yake akaenda na jamaa zake waliokuwa wakielekea Ndera. Alichoacha ni kile kibanda, fito na majani, na kibuyu ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa mpaka maziwa yakaganda ndani yake.

Mayai yaliendelea kupotea. Siku mbili tatu mama alisema labda kuna mwenzake aliyebaki. Halafu, mchana mmoja wa jua kali, aliniambia nimfungie ndani ya banda kwa kufuli na nikae mbali, ili amshike mwizi kwa mkono wake. Nikamfungia. Nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni nikisikia kuku wakilalamika, kisha kikohozi, kisha kimya, kisha akaanza kupiga mlango kwa viganja vyote viwili. Nilipofungua alitambaa nje kwa magoti, macho yakimtiririka, kifua kikipanda na kushuka, akakaa kwenye vumbi mdomo wazi. Alikuwa akihema vile vile walivyohema kuku wake.

Aliyoyaona aliniambia jioni, kwa sauti ndogo. Kuku mmoja alitaga, akageuka, akalidonoa yai lake mwenyewe. Ganda lilipasuka kwa pigo moja. Wenzake wakaja mbio wakanywa kiini, wakala na ganda, wakafuta midomo kwenye pumba. Hakukubaki kitu.

Siku hiyo hiyo aliwatoa wote. Hatukuwa na pa kuwaweka ila kwenye kibanda cha Mama Abdi, kwa hiyo tukatandika pumba kavu, tukazungushia wavu mkuukuu wa samaki nje ya zile fito, tukawaacha humo. Kwa siku za mwanzo waliendelea kuhema na kudonoa. Kisha wakafunga midomo. Pumba zilikauka zenyewe kwa upepo. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nikiokota mayai magumu, na nikiingia humo sikuhitaji kubana pumzi. Baba alisimama kati ya majengo yale mawili, alilojenga yeye na alilojenga mke wa mfugaji, akatazama huku na huku. Akachukua nyundo akaenda kung'oa mabati ya madirisha bila kuambiwa.

Mama alimtafuta Mama Abdi miezi mingi. Alituma salamu kwa wachungaji waliopita, na kila alipokwenda Garsen alipitia kwa akina mama wauza maziwa. Hatimaye akamkuta. Alimweleza yote mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndiko alikomwaibisha. Mama Abdi alisikiliza, akasema, "Nimesikia. Imeisha." Akamuuliza habari za baba, akaniulizia mimi. Mama alirudi na furaha, akafagia uwanja, akasema rafiki yake atakuja. Hakuja. Kila msimu mama alisema labda njia imeharibika.

Leo mimi mwenyewe nafuga. Shule sikuimaliza, ila banda nimejifunza. Langu limelala kufuata njia ya jua, upande mfupi ndio unaochomwa, paa liko juu, kuta ndefu ni wavu kutoka kiunoni kwenda juu. Majirani wananionya kwamba banda la wazi linakaribisha wezi. Wao wamejenga kuta za mawe, wameweka vioo vilivyovunjika juu yake, na kila mtu anamjua mgeni wa mwenzake kwa jina na kabila. Miaka ya baadaye watu wa mto na watu wa ng'ombe walifikia kuumizana vibaya. Sitaki kuandika juu ya hayo. Ninachosema ni kwamba yalipofika, sikushangaa kama wengine walivyoshangaa.

Mama tulimzika mwaka huu kabla ya mvua. Siku ya matanga Mama Abdi alikuja, mzee sasa, akishikwa mkono na mjukuu. Nilimkaribisha ndani, akakaa, akanywa chai, akatoa pole kwa kila mmoja wetu. Nilipomsindikiza nilimuuliza kama kweli alimsamehe mama.

"Nilimsamehe pale pale Garsen," akasema. "Mama yako alikuwa rafiki yangu."

"Mbona basi hukuja tena?"

"Kila nikipita njia ya kwenu, mikono yangu ilitoka yenyewe nje ya mtandio. Nikasema, mimi siwezi kutembelea rafiki hivi."

Tuliagana njiani. Kulikuwa na vumbi jingi, mjukuu wake akamvutia mtandio amfunike vizuri. Alimwachia amfunike kichwa na mabega, lakini mikono aliitoa nje, akaenda nayo hivyo hivyo mpaka akatoka katika shamba letu.