Ijumaa Niliyobaki na Nyundo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniacha niishi hadi nikaweza kuisimulia aibu yangu bila kuipamba. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Macho bado yanaona, mkono bado unashika kalamu, nami nashukuru.

Nakumbuka siku moja ya Ijumaa, mwanangu, nilipokuwa kijana wa gereji pale Kerege. Fundi Salehe, mkubwa wetu, alikuwa na mafundi wawili: mimi, niliyekaa naye miaka sita, na Shabani wa Ubena, ambaye hata mwaka alikuwa hajamaliza. Bi Mwanahawa, mjane mwenye shamba la mpunga bonde la Ruvu, alituletea trekta kuukuu la marehemu mumewe. Lilikuwa limenyeshewa msimu mzima bila kufunikwa kopo kwenye bomba la moshi. Maji yakaingia, kutu ikaishika pistoni moja ndani ya silinda, na injini ikawa haizunguki hata kidogo. Masika yalikuwa yanakaribia, na mama yule hakuwa na njia nyingine ya kulima.

Fundi akampa Shabani kazi ile. Mimi akaniachia breki za pikapu ya muuza nanasi.

Shabani akafungua kichwa cha injini, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili juu ya pistoni, akafunika kitambaa. Kila asubuhi alishika mtaimbo, akaisukuma injini mbele kidogo, akairudisha nyuma kidogo, kisha akatia alama ya chaki na kuiacha ilivyo.

"Wewe mtu wa Ubena," nikamtania mbele ya wateja, "unatengeneza injini au unabembeleza mtoto?"

"Nabembeleza, kaka," akajibu bila kuinua kichwa. "Kwani wewe ukigombezwa ndiyo unaamka?"

Wateja wakacheka, na si mimi niliyewachekesha.

Siku ya tano alama ya chaki ikasogea upana wa ukucha. Fundi akatuita wote tuitazame. Bi Mwanahawa alipofika nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha akauliza, "Yuko wapi kijana wangu?" Wangu! Miaka sita nimemfungia mama huyu boliti za jembe la trekta, hakuwahi kuniita hivyo. Nilirudi kwenye breki zangu, lakini masikio yalibaki kwao. Nilihesabu kila tabasamu alilopewa Shabani. Chakula kilinikinaisha. Hata sauti yake akisoma Qur'ani asubuhi, sauti nzuri ajabu, niliiona kama anajionyesha.

Ijumaa ile, adhana ilipokaribia, Fundi akanawa mikono na kusema, "Haya, twendeni." Nikajishika tumbo nikasema linaniuma. Shabani akanichemshia maji ya tangawizi kwanza, ndipo akaondoka. Na wema huo pia niliuonea wivu.

Walipopotea barabarani nilichukua kipande cha mbao, nikakiweka juu ya pistoni iliyokwama, nikainua nyundo kubwa. Nilitaka warudi wakute nimemaliza mimi. Pigo la tatu, pistoni ikashuka. Nikasema alhamdulillahi, mwanangu, nami nimeiacha sala ya Ijumaa makusudi! Nikaongeza pigo moja la furaha. Nikasikia mlio mkavu. Pistoni ilikuwa imemeguka, na ukuta wa silinda una ufa mrefu kama kidole.

Nilichofanya baada ya hapo kilinitia aibu kuliko ule ufa. Nilimimina oili, nikarudisha kitambaa kama kilivyokuwa, nikajilaza kwenye mkeka.

Waliporudi, Shabani akashika mtaimbo, akasukuma, injini ikazunguka. Akapiga takbiri. Kisha akafunua kitambaa, akauona ufa. Aliokota kijiti cha mbao kilichoelea kwenye oili, akakitazama, akanitazama mimi.

"Nani ameivunja hii?" Fundi akauliza.

"Mimi ndiye niliyekuwa na mtaimbo, Fundi," akasema Shabani.

Fundi hakupaza sauti. Alimwambia avue ovaroli, arudi kwao. Nami nilifurahi. Naliandika hili ili ulijue: nilifurahi, na furaha ilidumu hadi alasiri. Tuliposimama kusali, Shabani, ambaye mfuko wake wa safari ulikuwa umeegemea ukuta, alijisogeza nipate nafasi safuni, bega lake likagusa langu. Sikumbuki nilisoma nini. Imamu alipotoa salamu, nilimshika Fundi mkono nikamwambia yote.

"Ijumaa umeiacha, mwenzako umemwachia mzigo wako, na mama wa watu hana trekta," akasema Fundi. "Anza na mama. Nenda kwa miguu yako."

Bi Mwanahawa alinisikiliza hadi mwisho. "Mvua hainisubiri wewe utubu, baba," akasema. "Jembe lile pale."

Nililima kwa mkono wiki tatu, na hata nusu ya bonde lile sikuimaliza. Sehemu iliyobaki ilikaa bila mpunga mwaka ule, na kila aliyepita njiani aliuliza kwa nini. Trekta lilitoka gereji mvua zikiisha, Shabani, aliyekuwa amerudishiwa ovaroli yake, akiliendesha. Niliposikia linanguruma, wivu ukanichoma tena palepale. Safari hii niliweka chini jembe la kupalilia, nikamwombea kwa jina lake. Ilinibidi niombe mara nyingi.

Basi mwanangu, moyo ukikuuma kwa riziki ya mwenzako, usikae nao peke yako. Mwambie Mola wako mapema, mwombee mwenzako kwa kumtaja, nenda ukasimame naye bega kwa bega hata kama hutaki. Na ukiwa umeshaharibu, sema kabla mwingine hajafunga mfuko wake.

Mwenyezi Mungu aubariki mkono wako wewe unayesoma, akupe kazi ya halali na wenzako wema, na akujaalie uifurahie neema yao kama yako. Amin.