Gari Langu Lililomlaza Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa na miaka minne hajaonja usingizi wa maana.

Dawa alikunywa. Maziwa ya moto alikunywa. Kuhesabu kuanzia mia kurudi nyuma alihesabu, akifika sifuri anaanza tena.

Lakini akikaa kiti cha nyuma cha gari langu, dakika kumi hazipiti, kichwa kimeanguka begani. Anakoroma.

Sababu niliijua. Mimi ni dereva mpole.

Hivyo ndivyo nilivyoamini. Naomba usinicheke kabla sijamaliza.

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani. Hakuna aliyenifundisha. Ya kwanza niliifungua nikiwa kijana, nikaifunga, nikabaki na skrubu mbili mkononi, na bado ikashona. Tangu siku ile nikajiona nimeelewana na vyuma vyote duniani.

Basi gari lilipoanza kunguruma, sikukurupuka. Nililisikiliza siku tatu.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, linakohoa. Nikikanyaga mafuta, linapiga kelele kama linataka kupaa. Nikivuka tuta, kuna kitu chini kinagongana kama kijiko ndani ya kopo.

"Mtaa mzima unajua ukitoka na ukirudi," mke wangu akaniambia. "Siku hizi hata sikupigii simu."

Jumapili nikajilaza chini ya gari na tochi. Ni mafla, lile pipa la bati kwenye bomba la moshi, linalomeza kelele za injini. Kutu ilikuwa imelitafuna upande wa chini, tundu la kuingiza vidole viwili. Nikaligonga kwa mpini wa bisibisi. Vipande vya kutu vikalia ndani.

"Peleka kwa fundi," mke wangu akasema.

"Fundi si mimi?"

"Wewe ni fundi cherehani."

"Chuma ni chuma."

Akaingia ndani. Ana tabia ya kutobishana na jambo ambalo siku zitalijibu zenyewe.

Nikakata kopo la maziwa ya unga, nikalikunja juu ya tundu, nikakaza kwa waya. Nikawasha. Kelele ikapungua. Haikuisha, ila majirani wakaacha kunisalimia huku wameziba masikio.

Jumatano nikampeleka mama mkwe kliniki ya magoti, mwendo wa dakika arobaini. Yeye hapendi upepo, kwa hiyo madirisha ya nyuma tulifunga. La kwangu niliacha wazi, nisikilize kazi ya mikono yangu.

Akalala.

Tulipofika akajinyoosha, akasema, "Mwanangu, gari lako lina nini? Nimelala kama mtoto mchanga."

Mwanangu! Miaka tisa ya ndoa alikuwa akiniita "huyo".

Nani angeanza kuchunguza siku kama ile?

Ikawa kila Jumatano. Kichwa kikimuuma, anasema ni usingizi mwingi, mwili haujauzoea. Ikafika akawa anapiga simu hata siku zisizo za kliniki. "Mwanangu, nizungushe kidogo tu."

Nikamzungusha. Mungu anisamehe, nikamzungusha.

Jumatano ya tano mvua ilinyesha, foleni haisogei. Nikapandisha na dirisha langu. Baada ya muda kichwa kikaanza kunigonga, nikasema ni foleni.

Kwenye lango la kliniki nikageuka. "Mama, tumefika."

Kimya.

"Mama."

Nikamshika bega, jambo ambalo mkwe hafanyi hivi hivi. Shingo ikalegea upande wa pili.

Sijui nilipiga kelele gani. Ninachokumbuka ni muuguzi aliyekuja mbio, akafungua mlango, akaingiza kichwa, akakitoa haraka.

"Baba, humu ndani kuna moshi! Hunusi?"

"Nimezoea."

"Kuzoea huko ndiko kunakoua."

Wakamwekea hewa ya oksijeni. Mimi nikakaa kwenye benchi la nje, natafuta namna ya kumwambia mke wangu: nimemuua mama yako, na alikuwa ananishukuru.

Baada ya saa nzima wakaniita ndani. Mama mkwe akafumbua macho, akatutazama mimi na wauguzi mmoja mmoja.

"Mbona mmeniamsha?"

Alidhani presha imeshuka. Nikamwacha adhani hivyo. Hilo nalo ni kosa langu, liandikwe.

Gari nililipeleka kwa fundi wa mabomba ya moshi siku hiyo hiyo. Akalipandisha juu, akaniita.

"Unaona hapa? Kuna tundu jingine, juu. Ulipozibwa mdomo wa chini, moshi wote ukapanda. Na sakafu ya buti, hapa nyuma pa mizigo, imeoza. Unaingia kwa abiria wa nyuma moja kwa moja." Akalishika kopo langu kwa vidole viwili. "Nani kafanya hii?"

"Fundi mmoja."

"Mwambie arudi kwenye kazi yake."

"Nimeshamwambia."

Akafunga mafla mpya, akachomelea sakafu, akabadilisha mpira wa buti. Gari likanyamaza.

Likabaki moja, kumwambia mama mkwe ukweli. "Mwambie mwenyewe," mke wangu akasema. "Mimi simo."

Jumamosi nikaenda, maneno nimeyapanga. Nikamkuta mama mkwe getini na majirani zake wawili, wazee wenzake. Kila mmoja amekumbatia mto.

"Hawa nao hawalali," akasema. "Nimewasimulia habari za gari lako."

Kabla sijafungua mdomo wameshapanda.

Nikaendesha nusu saa. Kila nikitazama kioo, macho sita yananitazama.

"Mbona hatulali?" mmoja akauliza.

"Mkweo kaliharibu gari," mwenzake akajibu.

Nikaegesha kando ya barabara. Nikawaeleza yote: kutu, kopo, waya, tundu la juu, muuguzi alichosema.

Mama mkwe akauweka mto wake magotini.

"Kwa hiyo mwezi mzima ulikuwa unanifukiza kama mbu, na mimi nakuombea dua?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Jirani mwenye mto wa bluu akainama kuja mbele, akapunguza sauti. "Baba, lile bati la zamani umelitupa wapi?"

Siku hizi mama mkwe anakaa kiti cha mbele, dirisha wazi, mtandio kichwani. Halali hata kidogo. Dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi ananifundisha kuendesha gari.

Nasikiliza. Nina sababu.

Kelele nilizichunguza siku tatu. Sifa sikuzichunguza hata dakika moja, kwa kuwa zilikuwa tamu.

Ndugu yangu, gari likianza kunguruma, usihangaike kulinyamazisha tu. Uliza moshi unakwenda wapi. Na mtu akilala haraka mno ndani yake, fungua madirisha kwanza. Shukrani utazipokea baadaye, akiwa hai.