Kipande cha Mwisho cha Udongo wa Kikwe

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Olasiti, Elinipa Akyoo anavua sweta nje ya mlango wa maabara na kulikung'uta. Analinusa, analikung'uta tena. Analitundika msumarini, anaingia ndani, kisha anatoka mbio kulisogeza mbali na dirisha.

"Hili sweta limeniponza," anasema. "Siliamini hata kidogo."

Mama huyu wa miaka arobaini na saba ni fundi wa maabara ndogo inayopima umri wa matabaka ya ardhi. Huyeyusha mawe na udongo kwa asidi kali mpaka zibaki spora tu: chembe za uzazi za mimea kama kangaga, ndogo kuliko vumbi la unga, zilizofukiwa tangu enzi na enzi. Kila enzi ina za kwake. Ukizitambua kwenye hadubini, umejua tabaka ni la lini.

Safari hii tabaka ni la kwao, Kikwe, ambako meno ya watoto yana rangi ya chai kwa sababu ya maji. Kisima kinachimbwa shambani kwa mdogo wake, Fanuel. Kisima cha jirani chenye maji mazuri kilipita kwanza kwenye udongo wa ziwa la kale, na kwa Fanuel wamefikia udongo unaofanana nao. Ukiwa ndio wenyewe, waendelee. Usipokuwa, mashine ihamie kiwanja cha kanisa. Mwenye mashine anataka jibu mchana huu, la sivyo anaondoka zake.

Jibu lingekuwa limeshapatikana. Ila wiki iliyopita Elinipa alimkatia ng'ombe wa Fanuel makangaga ya kulalia, akaja kazini na sweta lile lile. Kwenye kioo cha hadubini zikatokea spora angavu, za kangaga la jana yake, zimejichanganya na za kale. Sampuli ikatupwa.

"Nilitamani ardhi inimeze, jamani! Miaka yote hii, halafu nafanya utoto ule!"

Kilibaki kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Hakuna kingine, bomba la chuma limeshaliziba tabaka lile.

"Mama Princess, kaa basi," anamsihi Lesian, mtaalamu wa miamba na mkuu wa maabara. "Unanitia kizunguzungu."

"Nikae vipi, na simu ya Fanuel haikomi?"

Fanuel aling'oa mibuni ya marehemu baba yao ili mashine ipate pa kupita. Anachotaka kusikia kinajulikana.

Hatimaye kioo kiko tayari. Elinipa anainama kwenye hadubini. Anakisogeza kushoto, kulia, anarudi alikoanzia. Mguu wake unagonga sakafu, kisha unatulia.

"Njoo uangalie na wewe," anamwambia Lesian.

Lesian anaangalia kwa muda mrefu. "Za ziwa hazipo kabisa. Hili ni tope la mlimani, la juzijuzi tu." Kwa watu hawa, juzijuzi ni maelfu ya miaka.

Elinipa anapiga simu. "Fanuel, ihame. Iende kanisani."

"Na mibuni ya baba, dada?"

"Najua, mdogo wangu."

"Ungesema ndio wenyewe, nani angejua?"

"Watoto wangejua, siku wanakunywa maji yale yale."

Simu inakatwa bila kuagana. Elinipa anaosha vyombo vyake vya plastiki kwa kelele, anavipanga, anavipangua. Roho inamuuma na hafichi. Jumamosi, anasema, atapeleka miche ya kahawa aliyoiotesha kwenye makopo uani kwake, apande pale pale mashine ilipopita.

"Akininunia aninunie. Nitachimba mwenyewe."

Kabla ya saa nane simu inatetemeka mezani. Ni ujumbe wa Fanuel, hauna hata salamu: "Mashine imehama. Jumamosi uje na jembe lako, langu limevunjika mpini."

Elinipa anausoma mara mbili, anapangusa macho kwa mkono wa koti la maabara.

"Bado amenuna huyo," anasema. "Lakini jembe ameshalitaja."